Ujima au Kibarua?

Hivi mtu akikuita umsaidie kulima shamba lake, ukaenda na jembe lako mwenyewe na njaa yako mwenyewe, ukalima mpaka jua likakuchwea. Halafu mahindi yakishastawi yeye akazungusha ua, akaweka mlinzi getini, na kukuambia ukitaka hata hindi moja la kuchoma ulipe, mtu huyo tumwite nani?

Wapo watakaosema ni tapeli. Wapo watakaosema hapana, ni mjanja tu, mjinga ni wewe uliyelima bila kuulizia masharti. Na wapo, hasa wazee wetu wa vijijini kule Rungwe, Mufindi na Kilolo, watakaokuuliza kwanza: "Alikuita kwa ujima au alikuita kibarua?" Mimi nadhani wazee hawa ndio wenye swali la maana. Nataka kulichukua swali lao na kulipeleka mahali ambapo wenyewe hawakulitarajia, yaani kwenye kompyuta.

Naomba, ndugu msomaji, usifunge jarida kwa sababu umeona neno kompyuta. Jambo lenyewe si gumu. Programu ya kompyuta, iwe ya kuandikia barua au ya kutumia pesa kwenye simu, ni maandishi. Kuna mtu alikaa chini akaandika maelekezo mstari kwa mstari, kama wewe unavyoandika hadithi yako, isipokuwa msomaji wake ni mashine. Maandishi hayo huitwa msimbo. Kampuni nyingi huuficha msimbo wao. Wanakuuzia chakula kilichokwisha kuiva, wewe unakula tu, jikoni huingii. Lakini ipo aina nyingine inayoitwa programu huria. Hiyo msimbo wake uko wazi: unaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha, kuunakili na kumpa mwenzako, bila kumwomba mtu ruhusa zaidi ya ile iliyokwisha kuandikwa kwenye leseni yake.

Mkulima wa Uyole atanielewa haraka. Mahindi chotara ukiyapanda, msimu ujao inabidi urudi dukani kununua mbegu nyingine, maana ukipanda ulichovuna mavuno yanaporomoka. Lakini maharage, ukishapata mbegu nzuri unapanda, unavuna, unabakiza debe la mbegu, na jirani akija unampimia kisado. Hakuna anayekuuliza. Basi programu huria ni kama mbegu ya maharage.

Historia yake si ndefu. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya chuo cha MIT, alitangaza mradi wa kuandika mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu angekuwa huru kuusoma na kuugawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 mjini Helsinki, Finland, aliweka hadharani kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux, akawakaribisha wengine waje wakitazame. Watu wakaja, wakarekebisha, wakaongeza. Leo hii kiini hicho kimo ndani ya kila simu ya Android, pamoja na hizo za bei poa unazoziona zimepangwa Mwanjelwa. Yaani msomaji wangu huenda unatembea nacho mfukoni bila kujua.

Hapo mwanzo mambo yalikuwa kati ya watu na watu. Kisha kampuni zikanusa harufu. Mwaka 1998 kampuni ya Netscape, iliyokuwa imebanwa vibaya na Microsoft katika biashara ya programu za kusomea intaneti, ilifungua msimbo wake na kuwaomba watu wa dunia nzima waje wausaidie kuujenga. Tangu hapo imekuwa desturi. Kampuni ina mradi, mradi una kazi nyingi kuliko wafanyakazi, basi inapigwa mbiu: jamani, njooni. Anayejua kuandika msimbo aandike. Anayejua kuona makosa atuonyeshe. Anayejua lugha yake atutafsirie. Malipo? Hakuna. Ni kwa faida ya jamii.

Swali langu ni hili. Mwito wa namna hiyo ni wa haki? Na kama ni wa haki, ni kitu gani kinachoufanya uwe wa haki?

Tuchukue mfano ambao Waswahili tumo ndani yake. Mwaka 1985 kijana wa Kijerumani, Marco Börries, alianzisha kampuni ya Star Division mjini Lüneburg, na kampuni hiyo ikatengeneza programu ya kazi za ofisi iliyokuja kuitwa StarOffice. Mwaka 1999 kampuni ya Marekani, Sun Microsystems, ikainunua. Mwezi Oktoba 2000 Sun ikaufungua msimbo kwa jina la OpenOffice.org na kupiga mbiu kama nilivyoeleza. Miongoni mwa walioitikia walikuwa watu wetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, kilikuwa na mradi ulioitwa Kilinux. Na mwishoni mwa mwaka huo ikatoka Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia mahesabu iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili.

Wewe mwandishi chipukizi, hebu ifikirie kazi ile. Ni maelfu ya vijineno, kimoja kimoja, bila hadithi ya kukushika mkono. Utasema faili au jalada? Utasema hifadhi au tunza? Neno likiwa refu halienei kwenye kitufe, likiwa fupi halieleweki. Hiyo ni kazi ya lugha, ndugu yangu, kazi ya watu kama sisi, na haina tofauti kubwa na kuhangaika na aya moja usiku kucha mpaka ikubali.

Sasa matunda ya mradi kama ule yalikuwa mali ya nani? Masharti ya Sun yalikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja, leseni ilimruhusu kila mtu kuichukua programu, kuibadilisha na kuigawa. Kwa upande wa pili, mchangiaji wa msimbo alitakiwa kusaini karatasi ya kugawana hakimiliki na kampuni: yeye anabaki na haki yake, na Sun inapata haki hiyo hiyo. Ukiisoma haraka unaona ni usawa. Lakini Sun ilikuwa na karatasi za wote, mchangiaji alikuwa na ya kwake tu. Kwa hiyo Sun iliweza kuikusanya kazi ya wote na kuiuza ndani ya StarOffice kwa masharti yake yenyewe, jambo ambalo mchangiaji mmoja mmoja asingeliweza. Wote walikuwa na majembe, ila mmoja alikuwa na funguo za ghala.

Januari 2010 kampuni ya Oracle ikakamilisha kuinunua Sun. Shamba likabadili mwenyewe, na waliolilima hawakuulizwa. Wengi wakaingiwa na wasiwasi. Tarehe 28 Septemba 2010 baadhi yao wakatangaza taasisi yao wenyewe, The Document Foundation, wakachukua nakala ya msimbo kama leseni ilivyowaruhusu, na kuanza upya kwa jina la LibreOffice. Waliiomba Oracle iwaachie jina la zamani, hawakupewa. Waliokuwa kwenye baraza la mradi wa zamani na huku wamejiunga na taasisi mpya wakaambiwa waachie viti. Aprili 2011 Oracle ikatangaza kwamba inaachana na biashara ya programu hiyo, na Juni ikaukabidhi mradi kwa taasisi ya Apache. LibreOffice ipo mpaka leo, inatumika, haina deni kwa mtu.

Naomba uone kilichowaokoa watu wale. Si huruma ya kampuni. Ni kwamba mlango wa kutokea ulikuwa umeandikwa kwenye leseni tangu siku ya kwanza. Kama msimbo ungekuwa wa kufungiwa, siku mwenye mali aliposema basi, jasho la miaka kumi lingekuwa kumbukumbu tu, na kazi ya Kiswahili iliyofanyika Dar es Salaam ingezikwa humo humo.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Kampuni ya HashiCorp ya Marekani ilitoa mwaka 2014 programu iitwayo Terraform, ya kupangia kompyuta kubwa zinazoendesha huduma za intaneti. Ilikuwa huria. Watu wengi wa nje wakaichangia. Agosti 2023 kampuni ikabadili leseni: kuanzia matoleo yajayo, mtu haruhusiwi kuitumia programu kushindana na kampuni. Kisheria haikuvunja kitu. Waliokuwa wamechanga hawakuwa na pa kushitakia. Wengine wakachukua nakala ya mwisho iliyokuwa wazi, wakaanzisha OpenTofu, na mwezi uliofuata ikapokewa na Linux Foundation. Baadaye, Februari 2025, IBM ikakamilisha kuinunua HashiCorp, katika dili lililotajwa kuwa la dola za Marekani bilioni 6.4. Wenye hisa wakapata chao. Aliyekesha akirekebisha kosa la mtu mwingine, kwa sababu aliambiwa "sisi ni jamii moja", hakumo kwenye mgao.

Nilipolileta jambo hili kijiweni kwetu Mafiati, mshikaji mmoja aliyesomea mambo ya kompyuta Iringa alinikatiza kabla sijafika mbali.

"Wewe mwandishi unapenda kulialia," alisema. "Nani aliwashikia watu hao bunduki? Walijitolea. Wamejifunza kazi, majina yao yanaonekana, wengine wamepata ajira kwa sababu hiyo hiyo. Unataka walipwe mara ngapi?"

Dada mmoja wa Kihesa, aliyekuwa amekuja Mbeya kumsalimia shangazi yake, akamjibu:

"Kaka, kujitolea ni kwa mtu mwenye cha kutoa. Mimi na wenzangu tuliwahi kuitwa na kampuni moja tutafsiri maneno ya programu yao ya simu. Tukaahidiwa vyeti. Bando la kwetu, simu za kwetu, usiku wa kwetu. Programu ikatoka, inalipiwa kila mwezi. Cheti sijakiona mpaka leo. Tulipouliza, tukaambiwa ni kazi ya jamii. Jamii ipi? Mbona jamii ndiyo inayolipishwa?"

Kijiwe kikacheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu aliyeguswa kidonda.

Wote wawili walikuwa na hoja, na mimi niliondoka pale nikiwa nawaza maneno ya wazee. Ujima ni nini hasa? Huku kwetu mtu mwenye kazi kubwa ya shamba huwapasha habari majirani. Kama kuna komoni inapikwa, kama ni msimu wa ulanzi basi ulanzi unaletwa. Watu wanakuja na majembe. Mwenye shamba hakai kivulini akihesabu matuta. Yeye yuko mstari wa mbele, tena akizembea anachekwa. Wiki ijayo kazi inahamia kwa mwingine. Hakuna daftari, lakini kila mtu anakumbuka nani hakutokea. Kibarua ni tofauti. Unapimiwa eneo, mnakubaliana bei, unalima, unalipwa, unaondoka. Mahindi yakistawi hayakuhusu, na yakikauka hayakuhusu.

Vyote viwili ni halali. Hakuna aibu katika ujima na hakuna aibu katika kibarua. Aibu iko kwenye kitu cha tatu, yaani kumwita mtu kwa jina la ujima halafu kuvuna kwa sheria ya kibarua, tena kibarua ambacho ujira wake haukulipwa. Hapo ndipo ninapoona kosa la kimaadili. Kwa hiyo hoja ya mshikaji wangu kwamba watu walijitolea haitoshi. Mtu hujitolea kwa ajili ya kitu fulani alichoelezwa. Ukikibadili kitu hicho baada ya yeye kumaliza kutoa, ile hiari yake umeitumia kwa jambo ambalo hakulikubali.

Lakini hebu tusikimbilie kupiga makofi, maana ujima nao una sharti lake ambalo hatulisemi. Ujima hufaa pale ambapo kila mtu ana shamba. Leo kwako, kesho kwangu. Sasa kijana asiye na shamba akienda kwenye ujima, kesho yake itakuja lini? Atalima kwa huyu, atalima kwa yule, atakunywa ulanzi, atarudi kulala. Kwake yeye ujima wote ni kibarua cha bure hata kama walioita ni watu wema. Na ndivyo ilivyo kwa vijana wengi wa mjini wanaoitwa kuchangia miradi ya kampuni. Mhandisi wa Hamburg anayechangia jioni baada ya kazi ana mshahara wake. Kijana wa Soweto ya Mbeya anayechangia kwa bando la mia tano anatoa chakula cha mchana. Jina la tendo ni moja, kuchangia, lakini uzito wake mabegani si mmoja.

Hapo mtu anaweza kuhitimisha kwamba maskini asiitikie mwito huo kabisa, awaachie wenye mishahara. Mimi sikubaliani, na sababu yangu inarudi kwenye ile mbegu ya maharage.

Ardhi ukiigawa inapungua. Ndiyo maana wasio na shamba wapo. Msimbo ukiugawa haupungui. Yule kijana asiye na kitu, kama amechangia mradi ulio huria kwelikweli, hahitaji kusubiri zamu yake: anaweza kubeba shamba lote kwenye flashi, akaenda nalo Ipogolo au Tunduma, akalifanyia biashara yake, akawahudumia wafanyabiashara wa mchele au shule za kata. Hakuna ujima wa jembe uliowahi kumfanya asiye na shamba awe nalo. Huu unaweza.

Na si ndoto. Mwezi Januari 2008, Kenya ilipokuwa ikichomeka baada ya uchaguzi, vijana kadhaa, wakiwamo Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walitengeneza kwa siku chache programu ya kupokea taarifa za wananchi juu ya vurugu na kuzionyesha kwenye ramani. Waliiita Ushahidi, kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Kisha wakaifanya huria. Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, watu wa mbali waliitumia programu hiyo kuonyesha wapi msaada unahitajika. Mbegu ilitoka kwetu ikapandwa kwa wengine, na kwetu haikupungua.

Lakini shamba bila jembe ni pori. Msimbo uwe wazi vipi, kama maelezo yake yote ni ya Kiingereza kigumu, kama huna kompyuta, kama umeme unakatika na bando limeisha, kama swali lako unaloliuliza halijibiwi kwa miezi, basi uhuru huo uko kwenye karatasi. Kwa hiyo naona kwamba kampuni inayoita jamii ina madeni mawili, na si moja. Deni la kwanza ni kutolirudisha shamba nyuma ya ua baada ya kulimiwa. Deni la pili ni jembe: imfundishe anayekuja, imjibu, imwandikie maelezo kwa lugha anayoielewa, na pale inapomtuma kazi kama inavyomtuma mwajiriwa wake, imlipe kama mwajiriwa wake.

Ninao mfano wa jembe. Kila aliyewahi kukaa na muuguzi anavijua vitabu vya MTUHA, ambamo zahanati na hospitali huandika idadi ya wagonjwa, uzazi na chanjo. Tangu kiasi cha mwaka 2013 takwimu hizo nchini mwetu zinaingizwa kwenye mfumo uitwao DHIS2. Mfumo huo ni huria, na unaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Lakini Oslo hawakukaa wakisubiri watu wajitokeze. Kwa miaka mingi wamefanya kazi na vyuo vya nchi zinazoutumia, wakasomesha watu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na kundi lake la wataalamu ambao nao wameandika sehemu za mfumo. Mwenye shamba aligawa na majembe.

Na ninao mfano wa mahali ambapo deni halikulipwa mpaka nyumba ilipoanza kuungua. Aprili 2014 liligundulika kosa kubwa, likaitwa Heartbleed, katika programu huria ya OpenSSL inayofunga siri za intaneti: namba za siri, malipo, barua. Benki na kampuni tajiri za dunia zilikuwa zikiitumia. Ikaja kujulikana kwamba programu hiyo ilikuwa ikitunzwa na watu wachache mno, mmoja tu akiwa wa muda wote, na michango ya hiari iliyokuwa ikiingia ilikuwa kiasi cha dola 2,000 kwa mwaka. Baada ya aibu hiyo ndipo kampuni kubwa zikajikusanya kutoa fedha. Yaani wote walikula maharage, hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mtu anapalilia.

Haki inadai niseme na upande wa kampuni. Kampuni si dhambi. Sehemu kubwa ya Linux ya leo inaandikwa na watu wanaolipwa mishahara na kampuni, na bila mishahara hiyo mengi yasingekuwapo. Sun ndiyo iliyotoa msimbo uliokwisha kugharamiwa kwa miaka mingi. Isingeutoa, Jambo OpenOffice isingekuwa na pa kusimama. Vilevile kampuni inayoanza ina hofu ya haki: ikifungua kila kitu, tajiri mmoja mwenye kompyuta nyingi anaweza kuichukua programu ile ile, kuiuza kwa bei ya chini na kumfukuza sokoni aliyeitunga. HashiCorp nayo ilijitetea kwa hoja ya namna hiyo. Mimi nasema, hofu hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake ni kusema mapema. Ukijua kwamba kesho huenda ukafunga geti, usiite ujima leo. Sema: hili ni shamba langu, natafuta vibarua, bei ni hii. Vijana watakuja. Njaa ya kazi si haba.

Sisi wa kalamu tusidhani mambo haya yanawahusu watu wa kompyuta peke yao. Majarida madogo kama haya yanaishi kwa ujima. Tunaandika, hatulipwi, na tunaandika tena. Kwa nini hatujisikii kuibiwa? Kwa sababu anayehariri naye halipwi, anakesha kama sisi. Na kwa sababu hadithi inabaki ya aliyeiandika, kesho anaweza kuiweka kitabuni. Siku mhariri atakapoziuza hadithi zetu kwa mchapishaji mkubwa bila kutuambia, hata kama fomu tuliyosaini ilimruhusu, tutajua kwamba ujima umekwisha. Kipimo ni kile kile.

Na zamu yetu inakuja upesi. Kampuni za nje zimeshagundua kwamba Kiswahili kina wasemaji wengi, na mashine zao zinahitaji maneno yetu, sauti zetu, namna yetu ya kutania na kuapa. Mwito utafika Mbeya na Iringa, kama haujafika, na utakuja na sura ya tabasamu: changia lugha yako. Wengine watakuwa wakweli, wengine watakuwa wanatafuta vibarua wa bure. Kwa macho hutawatofautisha, kwa kuwa wote watatumia neno jamii.

Ndiyo maana namshauri kijana mwenzangu asiseme ndiyo wala hapana kabla hajauliza mambo matatu. La kwanza: nikiamua kuondoka, naruhusiwa kuondoka na nakala ya tulichokifanya pamoja? Hilo lipo kwenye leseni, isome, na kama kuna karatasi ya kusaini isome mara mbili. La pili: anayeniita yuko mstarini na jembe lake, au yuko kivulini? La tatu: kazi hii itaniachia uwezo wa kulima la kwangu, au itaniachia uchovu tu?

Akijibiwa vizuri, aende, tena aende kwa moyo, maana hakuna raha kama kufanya kazi na watu usiowajua mkaelewana. Akijibiwa kwa kuzungushwa, aulize bei. Na akiambiwa hakuna bei kwa sababu sisi sote ni ndugu, basi amwombe ndugu huyo amwonyeshe shamba ambalo wiki ijayo watakwenda kulima.